Kabla hujanunua mashine ya masafa

Mimi hutengeneza redio Mwembe Tayari, Mombasa, na watu huniletea visanduku vinavyodaiwa kutibu kwa mawimbi ya umeme niwapimie. Ukitaka kununua, muulize muuzaji kwanza: elimu hii ameitoa kwa nani?

Akimtaja mwanasayansi d'Arsonval wa Ufaransa, msikilize. Miaka ya 1890 alionyesha kwamba umeme wa masafa ya juu (unaogeuka mwelekeo mara nyingi sana kwa sekunde) hupita mwilini bila kukaza misuli, ila huacha joto. Joto hilo limeingia katika fiziotherapia, yaani tiba ya viungo.

Akimtaja daktari Albert Abrams wa San Francisco, Marekani, shika pesa zako. Huyo alidai kujua ugonjwa kwa tone la damu, na visanduku vyake vilikodishwa kwa sharti visifunguliwe. Jarida la Scientific American lilichunguza, na mwaka 1924 likasema havina maana. Royal Rife wa San Diego naye alidai kila kijidudu kina masafa yake ya kukiua, haijathibitishwa.

Kisha omba kifunguliwe mbele yako. Kimoja nilichokifungua kilikuwa na betri ya volti 9, taa nyekundu na nyaya mbili za kushika mkononi, basi. Muuzaji akikataa, ondoka. Na mzazi wako mwenye sukari, tafadhali, asiache dawa zake kwa ajili ya kisanduku.