Kuondoa rangi ya turubai kwenye picha za harusi

Jua likipita kwenye turubai la bluu au la kijani, kitambaa hunyonya sehemu ya mwanga na kushusha rangi yake juu ya kila mtu aliye chini yake. Shela linakuwa la bluu, mashavu yanaingia ukijani. Kuivuta picha kuelekea njano hakutoshi, kwa sababu rangi huyumba pande mbili: bluu na njano (kitelezi cha Temp kwenye programu ya kuhariri picha), kijani na majenta, yaani pinki iliyokolea (kitelezi cha Tint). Turubai huvuruga zote mbili kwa pamoja.

Kwanza zima hali ya usiku ya skrini, ile inayoifanya iwe ya manjano jioni. Usipoizima utaongeza bluu bila kujua, na kesho yake kazi nzima utairudia.

Fanyia kazi faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera, kama lipo. JPEG, faili la kawaida la picha, ina ngazi 256 kwa kila chaneli (nyekundu, kijani na bluu). RAW ya biti 14 ina 16,384. Ukinyanyua chaneli nyekundu kwa nguvu kwenye JPEG, ngozi hupata mabaka. GIMP, programu ya kuhariri picha, haifungui RAW yenyewe, basi anzia darktable au RawTherapee, zote za bure.

Sasa tafuta kitu cha kupimia, na hapa ndipo picha nyingi huharibikia. Programu huamini kwamba pale ulipobofya ni kijivu au cheupe kisicho na rangi. Kanzu iliyotiwa bluu ya kufulia ina ubluu wake. Ukiibofya, programu itauondoa na nyuso zote zitakuwa za manjano. Shela nyingi ni za rangi ya maziwa, nazo huleta kosa la kinyume. Kipimo bora ni kadi ya kijivu iliyopigwa picha palepale. Kama haipo, tumia sahani nyeupe ya udongo au nguzo ya chuma ya turubai isiyopakwa rangi, mradi iwe kwenye mwanga uleule unaoangukia nyuso. Nguzo ya pembeni inayopigwa na jua la wazi haifai.

Katika Lightroom, programu nyingine ya kuhariri picha, bonyeza W upate kichukua rangi, kisha bofya sehemu angavu ambayo haijaungua, takriban 180 hadi 220 kwa kipimo cha 255. Chaneli yoyote ikishafika 255 haina tena habari ya kusomwa. Kwa JPEG ndani ya GIMP, ingia Colors, kisha Levels, uchague kichukua rangi cha katikati, cha kijivu.

Usiishie kwenye mbofyo. Soma namba: kwenye kitu kijivu nyekundu, kijani na bluu ziwe karibu sawa. Ukikuta 168, 190, 222, bluu bado imezidi na nyekundu imepungua, hivyo ongeza Temp; kijani kikibaki juu ya nyingine, sogeza Tint kuelekea majenta kidogokidogo mpaka kishuke.

Halafu pima ngozi. Iwe nyeusi au nyeupe, mpangilio hauna budi kuwa nyekundu juu, kijani katikati, bluu chini. Bluu ikizidi kijani, turubai bado lipo. Pima shavuni, mahali pasipong'aa. Mng'ao wa kipaji cha uso huakisi rangi ya turubai lenyewe, na kwenye ngozi nyeusi mng'ao huo ni mkali kiasi cha kupotosha kipimo kabisa.

Wageni wa pembeni, ambao nusu wamekaa kwenye jua, wanahitaji kazi ya ziada. Sahihisha kwanza kwa ajili ya nyuso zilizo kivulini, kisha paka maski (eneo unalotaka kubadilisha peke yake) kwa brashi juu ya sehemu ya jua, ambayo sasa itakuwa ya manjano, na upunguze Temp hapo tu. Kingo za brashi ziwe laini.

Mipangilio hiyo nakili kwenye picha za eneo lilelile pekee. Meza kuu na mlango wa kuingilia havina mwanga mmoja.

Turubai likiwa la rangi nzito, chaneli nyekundu hubaki na habari kidogo sana, na kuinyanyua huleta chenga (vidoa vidogovidogo) kwenye vivuli. Acha ubaridi kidogo, punguza ukolevu wa bluu na sayani (bluu-kijani), na uzilinde nyuso. Ikiwa hata hivyo ngozi inaonekana ya kijivu, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe, ukitumia zaidi chaneli ya kijani, kwani ndiyo kwa kawaida yenye chenga chache.