Siku ya Kupanda Mikoko Mida: Namna ya Kuiandaa Bila Kuwapora Ndege Meza Yao

Mwaka mmoja tulipanda mikoko 2,000 kwa asubuhi moja. Watoto wa shule walikuwa karibu 300, na kampuni moja ilileta fulana na bango. Mgeni rasmi tulimtarajia saa tatu, akafika saa sita. Hotuba zilipokwisha maji yalikuwa yanarudi, na kila mtu alichomeka mbegu pale alipokuwa amesimama ili awahi pilau. Nyingine zilichomekwa kichwa chini. Miezi sita baadaye nilirudi na daftari nikahesabu 27 zilizo hai.

Kilichonikera zaidi si hizo zilizokufa. Sehemu kubwa ya mbegu tulikuwa tumezichomeka kwenye tope tupu ambalo halijawahi kuwa na mkoko tangu wazee wetu, na ndipo ndege wanapokula. Tungefanikiwa, tungekuwa tumewaharibia wageni wetu.

Kwa wasiopajua: hori la Mida liko kati ya Watamu na msitu wa Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi. Ni sehemu ya eneo la hifadhi ya bahari la Watamu, ambako mbuga ya bahari ilitangazwa mwaka 1968. Maji yakipwa, tope na mchanga huanikwa hadi macho yachoke, na hapo hushuka maelfu ya ndege wa pwani kutoka nchi za kaskazini. Anayevuta watalii ni yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama koleo, *Dromas ardeola*, mla kaa. Huyu huzaliana kwenye visiwa na fukwe za huko Ghuba na Bahari ya Shamu, anachimba shimo mchangani na kutaga humo, kisha anakuja kwetu kula. Ukiandaa shughuli hapa, huyo ndiye mwenye nyumba.

Haya ndiyo ninayofuata siku hizi.

Hatua ya 1: Ruhusa, miezi miwili kabla

Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo Huduma ya Misitu (KFS) lazima ijue. Kwa kuwa Mida ni hifadhi ya bahari, Huduma ya Wanyamapori (KWS) nao lazima wajue. Halafu kuna BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, jumuiya ya msitu ya hapo na chifu. Nenda kwa wavuvi kwanza, ingawa karatasi haisemi hivyo. Wao ndio watakaokuambia mkondo umehamia wapi, nyavu zimetegwa wapi na nani alikata boriti mwaka gani. Na ukiwapita, mbuzi wao wataimaliza miche na hakuna atakayewafukuza.

Peleka barua fupi: siku, saa, idadi ya watu, mahali hasa, aina ya miti. Kama hujui mahali hasa, bado hujafika hatua ya kuandika barua. Nenda hatua ya pili kwanza.

Hatua ya 2: Chagua mahali, na ukubali kwamba huenda pasihitaji kupandwa

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hakuna anayetaka kuja nawe maana hakuna pilau. Chukua mzee mmoja na kijana mmoja mwenye simu ya kupiga picha, mwingie maji yakiwa yamepwa.

Tafuta visiki. Visiki vinasema palikuwa na miti. Ukiona tope linang'aa, halina kisiki hata kimoja, halina mche uliojiotea, lakini limejaa matundu ya kaa na alama za nyayo za ndege, hapo ondoka. Kanuni yangu ni moja: sishuki chini ya mstari wa mikoko ya asili au visiki vya mwisho kuelekea majini. Chini ya hapo mizizi hukaa majini muda mrefu mno, mche unakufa. Usipokufa, unageuza uwanja wa kulia wa ndege kuwa kichaka.

Penye visiki, jiulize: kwa nini pamebaki wazi? Kama walikata nguzo na mazio na mbegu hazifiki, panda. Kama barabara au tuta limezuia maji, kupanda ni kupoteza nguvu. Chimba njia ya maji kwanza, kwa idhini ya KFS. Kama mchanga au udongo umefunika mizizi, angalia kina chake. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi Mwache, karibu na Mombasa, mikoko ikakosa pumzi ikafa imesimama. Mahali kama hapo hapaponi kwa harambee ya asubuhi moja.

Halafu hesabu miche iliyojiotea. Pima mraba wa mita 10 kwa 10 kwa kamba, uhesabu. Ukipata miche mingi na mizima, jambo bora ni kuzuia mbuzi na panga na kuiacha iendelee. Nimewahi kuwaambia wafadhili hivyo. Walinitazama kama mtu aliyealikwa harusini akasema bibi harusi ameshaolewa. Mwishowe walikubali pesa ziende kwenye usafi wa nyavu zilizotupwa, na pale leo huwezi kupita bila kuinama.

Hatua ya 3: Siku huchaguliwa na maji

Tarehe 26 Julai ni siku ya kimataifa ya mikoko, na kila kikundi kinaitaka. Lakini 26 Julai haijui bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana. Unahitaji maji yanayopwa sana, na yanayopwa asubuhi. Kwetu pwani hayo huja pamoja: siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji ya Kilindini, bandari ya Mombasa, hufika chini kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Maji mafu yanafanya kinyume, yanapwa kidogo tu, tena alfajiri na jioni. Tafuta jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari, na ukumbuke kwamba ndani ya hori maji huchelewa kuliko baharini. Huchelewa kiasi gani? Nenda ukapige kigingi chenye alama wiki mbili kabla, kwenye bamvua iliyotangulia, uangalie kwa saa yako.

Upande wa ndege, Julai inafaa kwa sababu wengi wako kaskazini, japo wachanga hubaki. Machi na Aprili sigusi: wakati huo wanajinenepesha kwa safari ndefu, na kila wanaporushwa wanachoma mafuta waliyoyatafuta kutwa. Kama lengo lako ni kuwaonyesha watu ndege, tumia Oktoba. Jumamosi ya pili ya mwezi huo ni siku ya ndege wahamao duniani, na hapo usipande kitu. Kaa na darubini kwenye daraja la mbao la jamii, lile ambalo viingilio vyake husaidia karo za watoto wa hapa.

Hatua ya 4: Mbegu

Mpangilio wa asili wa aina za mikoko, kutoka majini kwenda nchi kavu, kwa jumla ni huu: mlilana mbele, mkoko wenyewe (*Rhizophora*) nyuma yake, kisha mui (wengine huuita msindi), mkandaa, na mchu huku juu. Mchu una ukaidi wake, utauona hata mbele. Angalia miti jirani pale pale ulipochagua, nawe panda aina hiyo hiyo. Tabia ya kupanda mkoko kila mahali kwa kuwa mbegu yake ni rahisi kushika ndiyo imejaza pwani yetu vijiti vikavu.

Mbegu ya mkoko ni kama kijiti kirefu cha kijani, imeshaanza kuota ingali mtini. Ikiwa tayari, shingo iliyo kati ya tunda na kijiti hugeuka manjano, na ukizungusha kidogo inakubali kuachia. Ikikataa, iache. Iliyoanguka ni nzuri pia, mradi haina tundu la mdudu wala ncha iliyovunjika. Iweke kivulini, kwenye mapakacha yaliyofunikwa gunia bichi, usiiache juani nyuma ya pikapu. Mkandaa hivyo hivyo, ni mdogo tu. Mlilana na mchu huhitaji kitalu kwanza, miezi kadhaa, kwa hiyo kama hukuanza mapema usiwaahidi watu.

Hatua ya 5: Watu wachache, chakula kizuri

Watu 40 wanatosha. Wagawe sita sita, kila kundi na kiongozi ambaye amewahi kupanda. Watu 300 topeni ni kama ng'ombe shambani. Shule ikitaka kuja yote, wengine waokote taka kwenye mwambao, wengine wahesabu ndege kutoka mbali, kisha wabadilishane siku nyingine.

Viatu: raba za kufunga kamba, zilizochakaa. Gamubuti tope linakuvua, na kandambili zitabaki humo hadi kiama. Peku usikubali, chaza waliong'ang'ania mizizi wanakata kama wembe.

Maji ya kunywa yaje kwa madumu na vikombe vya bati. Tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye maeneo ya hifadhi Kenya, na chupa za maji ni miongoni mwake. Kina mama wa kikundi chetu hupika mahamri na mbaazi za nazi kabla ya kazi, wali baadaye. Walipwe. Kujitolea kusiwe ni kwa mpishi peke yake.

Hotuba ziwe baada ya kupanda. Mwandikie mgeni rasmi hivi: "Mheshimiwa, maji yatarudi saa saba, tutafurahi kukusikiliza saa saba u nusu." Mimi huiandika kwenye kadi yenyewe. Mmoja alicheka, akaja saa tatu na raba zake.

Hatua ya 6: Asubuhi yenyewe

Saa moja u nusu mnakusanyika, lakini msiteremke bado. Maji yakiwa yamejaa ndege hubanana kwenye vipande vichache vya mchanga na matawi ya mikoko, hawana pa kwenda. Subirini maji yaanze kutoa nafasi, wao watawanyike kufuata kaa, nanyi mpite njia moja iliyowekewa vigingi, mmoja nyuma ya mwenzake.

Kiongozi aonyeshe kwa mbegu moja, polepole, na kila mtu aone. Mbegu ina ncha mbili. Ncha iliyochongoka zaidi, inayoning'inia chini mtini, ndiyo ya mizizi. Hiyo inaingia topeni. Ile iliyotoka kwenye tunda ina chipukizi dogo, hiyo inatazama mbinguni. Mpe mtoto azishike zote mbili akiwa amefumba macho akuambie ipi ni ipi. Tangu nianze mchezo huo sijaona kichwa chini.

Isukume kwa mkono wima hadi theluthi ya urefu wake iwe ndani. Usiigonge na jiwe. Acha mita moja hadi moja na nusu kati ya mbegu na mbegu, wala usihangaike kunyoosha mistari kama shamba la mahindi. Kaza tope kwa vidole, si kwa kisigino. Kila kundi likimaliza mbegu zake linatoka, hata kama saa bado. Mbegu zilizobaki zirudi kivulini.

Mtu mmoja asipande kabisa. Kazi yake ni kutazama kile kigingi chenye alama. Akipiga filimbi, mnatoka nyote, pamoja na mpiga picha.

Hatua ya 7: Kuhesabu

Kabla hamjaondoka, fungeni miraba mitatu ya mita 10 kwa 10 kwa vigingi vya fito, na muandike idadi iliyopandwa ndani ya kila mmoja. Rudini baada ya mwezi 1, 3, 6 na 12. Mkipanda 80 ndani ya mraba na kukuta 44, mmebaki na asilimia 55. Andikeni pia sababu: zimeng'olewa na mawimbi, zimekatwa na kaa, zimelemewa na mwani au wavu, mbuzi. Mwani na nyavu toeni pale pale. Pengo la mbuzi linazibwa barazani kwa mwenye mbuzi, si topeni.

Pesa za ziara hizi nne, yaani nauli, chai na posho ndogo ya vijana wawili, zikatwe kwenye bajeti ya siku kuu kabla ya kununua fulana. Mfadhili akikataa, punguza fulana.

Na Januari, wakati wa hesabu ya ndege wa maji, mwombe mwenye darubini atazame tope lililo mbele ya mahali mlipopanda. Mara ya mwisho nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, maji yakiwa ndiyo kwanza yanaondoka. Mla kaa mmoja alikuja mbio akisimama na kukimbia tena, akadaka kaa, akampiga chini mara mbili na kummeza. Nyuma yake, upande wa visiki, mkoko wetu mmoja ulikuwa na majani manne. Nikaandika yote mawili kwenye ukurasa mmoja.