Mwendo wa mstari mnyoofu: alama kwanza, fomula baadaye

Maswali mengi ya mwendo wa mstari mnyoofu huharibika kabla fomula haijaandikwa, kwenye alama za kujumlisha na kutoa. Kwa hiyo chora mstari, weka O pale mwendo unapoanzia, kisha amua upande upi ni chanya. Wowote unafaa, mradi usiubadilishe katikati ya hesabu.

Chukua mpira unaorushwa wima kwenda juu kwa 20 m/s kutoka ukingo wa paa lenye kimo cha mita 25. Ukinzani wa hewa upuuze. Utafika chini baada ya sekunde ngapi? Juu iwe chanya. Andika u = 20 (velositi ya mwanzo, yaani kasi pamoja na upande wake), a = −10 (mchapuko, yaani badiliko la velositi kila sekunde, unaotokana na mvutano wa dunia; ni 9.8 iliyokadiriwa) na s = −25 (umbali kutoka O, pamoja na alama yake), kwa kuwa mpira unaishia chini ya ulipoanzia. Wengi huandika s = 25, na hapo jibu limeshapotea.

Ili kuchagua fomula, tafuta kipimo ambacho hakijatolewa wala hakijaulizwa. Hapa ni v, velositi ya mwisho, basi tumia ile isiyo na v (t ni muda):

s = ut + ½at²
−25 = 20t − 5t²
t² − 4t − 5 = 0
t = 5 au −1

Muda hasi ni wa kabla ya mpira kurushwa, uache. Jibu ni sekunde 5. Velositi ya kufikia chini ni v = u + at = 20 − 50 = −30 m/s; hasi inaonyesha mpira unashuka. Ukipitia v² = u² + 2as utapata 900, na alama ya kipeuo chake itabidi uichague mwenyewe.

Sasa itazame sekunde ya 2. Mpira uko kileleni, mita 20 juu ya paa, velositi sifuri. Mchapuko je? Bado −10. Ungekuwa sifuri, mpira ungeganda hewani. Na umbali wote uliosafiriwa ni 20 + 45 = mita 65, ingawa s ni −25.

Fomula hizi hudumu pale tu mchapuko usipobadilika, na breki ndizo zinazonasa watu. Gari liko 72 km/h (gawa kwa 3.6: 20 m/s), linafunga breki kwa −5 m/s². Litakwenda umbali gani kwa sekunde 6? Fomula inatoa mita 30. Si kweli: gari lilisimama sekunde ya 4, baada ya mita 40, na fomula ikalirudisha nyuma mita 10. Swali likitaja breki, tafuta kwanza muda wa kusimama.