Kusoma ufunguo wa sumaku, na dira iliyonilia siku nzima

Kijana ninayemfundisha kazi aliniuliza swali la haki: "Fundi, ufunguo wenyewe hauna meno, sasa kitasa kinaujuaje?" Mteja alikuwa amebadilisha vitasa vya nyumba yake, akatuachia silinda chakavu (sehemu ya kitasa inayoingia ufunguo) ya aina ya MCS, kitasa cha sumaku cha kampuni ya EVVA ya Vienna, Austria, pamoja na ufunguo wake. Nikaona badala ya kumhubiria, tuikate. Ukiwa na silinda mbovu ya kwako mwenyewe, fuata tulivyofanya.

Tusichanganye mambo lakini. Fundi umeme akisema "mlango wa sumaku" anamaanisha lile bapa la juu ya mlango wa ofisi, linaloshika kwa volti 12 au 24 na kuachia umeme ukikatika. Huku kwetu hakuna waya wala betri. Kuna vidonge vinne vya sumaku kwenye bapa la ufunguo, na rota nane, yaani visahani vidogo vya sumaku vinavyozunguka, ndani ya silinda, nne kila upande.

Hatua ya 1: Kata

Bana silinda kwenye jiliwa, kata kwa msumeno wa mkono. Grainda iache kabatini. Najua inamaliza kwa dakika mbili, ila joto ni adui wa sumaku (neodimiamu ya kawaida huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi), na vumbi lake la chuma litaganda kwenye kila kitu unachotaka kukiona. Shaba ya njano haina shida, sumaku haiishiki. Ndiyo maana nguvu ya ufunguo inapenya ukuta wa shaba kana kwamba haupo.

Hatua ya 2: Toa rota

Kibano cha plastiki au vijiti vya meno. Ukitumia cha chuma utazitafuta chini ya meza. Kila rota iweke kwenye tundu lake la trei ya mayai, umeandika namba na upande. Mayai yana nafasi ya kutosha. Ukizipanga kwenye kisahani zitavutana na kuwa rundo moja.

Hatua ya 3: Soma ufunguo

Hapa ndipo nilipopotea.

Kila kidonge kimetiwa sumaku kuelekea upande mmoja kati ya pande nane. Anza na filamu ya kuonyesha sumaku, kile kiplastiki cha kijani. Ilaze juu ya ufunguo, utaona mstari mweupe ukikatiza kila kidonge. Tahadhari ya kwanza: mstari huo sio mwelekeo. Ni mpaka kati ya ncha ya kaskazini na ya kusini, kwa hiyo mwelekeo unaoutafuta unaukata mstari kama msalaba. Tahadhari ya pili: filamu haikwambii kaskazini iko mwisho upi. Inakupa mistari minne inayowezekana, na kila mstari una majibu mawili. Nne mara mbili, nane.

Ili kujua ncha, nilichukua dira. Upande wa kwanza wa ufunguo ulikwenda vizuri. Wa pili, nikilinganisha na rota, kila kitu kinyume. Nikadhani nimechanganya za kushoto na za kulia. Nikaanza upya, nikaanza tena upya, mpaka adhana ya magharibi. Kijana akaichukua dira, akatoka nje, akarudi anacheka: "Fundi, leo jua linazama mashariki."

Sumaku kali ikiisogelea sindano ya dira inaweza kuigeuza kabisa, kaskazini yake ikawa kusini, na isirudi. Ukikaa mbali ili kuinusuru, vidonge vimekaribiana mno: unasoma mchanganyiko wa vinne. Kwa hiyo dira sitaki kuiona tena kwenye kazi hii. Chukua kipande kifupi cha sumaku ya mche, kifunge uzi katikati, kining'inize mbali na vyuma. Mwisho utakaoelekea kaskazini upake rangi ya kucha nyekundu. Halafu weka kadi ya plastiki juu ya ufunguo, ukishushe taratibu juu ya kidonge kimoja. Kitajigeuza, kisha kitaganda kwenye kadi. Wekundu unaelekea kusini ya kidonge, kwa hiyo kaskazini yake ni upande wa pili. Chora mshale kwenye karatasi kabla hujakigusa.

Geuza ufunguo, rudia. Usidhani upande wa pili unafanana na wa kwanza.

Hatua ya 4: Linganisha na rota

Ulichofanya kwa uzi ndicho rota inachofanya ndani ya silinda: inajizungusha mpaka kaskazini yake ilalie kusini ya kidonge. Sasa itazame kwa karibu. Ubavuni ina pengo dogo. Tofauti kati ya rota na rota ni pembe kati ya sumaku yake na pengo hilo. Ukiingia ufunguo wa kweli, sumaku zinaelekea huku na kule, lakini mapengo yote yanatazama sehemu moja.

Kuna vitasa vya sumaku ambavyo pini husukumwa tu, kaskazini au kusini. Nafasi nne za namna hiyo zinakupa michanganyiko 16. Nafasi nne zenye pande nane zinakupa 4,096, na huo ni upande mmoja tu wa ufunguo.

Hatua ya 5: Fito

Fito ya pembeni, ile inayouzuia moyo wa silinda usizunguke, inaingia kwenye mapengo, na moyo unazunguka. Rota moja ikienda kombo, fito inabaki nje. Rota hazina springi, kwa hiyo anayejaribu kufungua kwa waya badala ya ufunguo hana cha kupapasa. Juu ya hayo, mifereji ya ubavuni mwa ufunguo nayo inakaguliwa.

Mashine ya kuchonga funguo ya mtaani itanakili mifereji, vidonge itaviacha. Kama ufunguo wako umeanza kukwama, kabla ya kumlaumu fundi bandika selotepu juu ya vidonge, ibandue, uitazame kwenye mwanga. Chenga nyeusi utakazoziona ni za chuma. Rudia mpaka itoke safi, na usiuweke tena mfuko mmoja na misumari.