Safari ya nje ukiwa peke yako: anza na kipande cha Dar

Mama mwenzangu wa Mtwara au Lindi unayepanga kwenda kutembea nje peke yako, tiketi ya ndege usiinunue kabla hujajua utafikaje Dar, maana sisi huku kusini safari inaweza kufia njiani. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara eneo la Somanga, Kilwa, mabasi yakakwama. Basi masika fika Dar siku mbili kabla. Kiangazi usiku mmoja unatosha. Hata ukiruka kutoka Mtwara, kama tiketi ni mbili tofauti usiunganishe siku hiyohiyo: ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri, na hela mara nyingi ndiyo imekwenda.

Pasipoti ibaki na zaidi ya miezi sita. Chanjo ya homa ya manjano uchome mapema, kadi huhesabika baada ya siku 10. Dawa za presha au sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya paketi zake, pamoja na cheti cha daktari. Chagua ndege inayotua mchana.

Watoto watauliza unaenda na nani. Waachie nakala ya tiketi na jina la hoteli, inatosha.