Ukiulizwa kuhusu wazazi kwenye usaili, simulia simu moja

Kwenye usaili wangu wa kwanza wa kazi ya ualimu niliulizwa, "Unashirikianaje na wazazi?" Nikajibu kwa kujiamini kwamba mzazi ni mdau muhimu wa elimu na kwamba mimi huwasiliana naye mara kwa mara. Mwenyekiti wa jopo akaniuliza, "Mara ya mwisho ulimpigia nani, na ulimwambia nini?" Nikababaika. Kazi sikuipata. Miaka baadaye nilipoketi upande wa pili wa meza, nikagundua kuwa jibu lile karibu kila mtu huja nalo.

Kwa hiyo kabla ya kwenda, tafuta tukio moja lililokutokea. Wala si lazima liwe kubwa. Langu ni la mtoto wa darasa la nne ambaye kila Jumatatu alikuja bila daftari la hesabu, ilhali siku nyingine kazi zake zilikuwa safi. Nilimpigia mama yake jioni, saa niliyojua ametoka kazini. Nikasema: "Habari za jioni, mama. Ni mwalimu wake wa hesabu. Mtoto ni mzima, usiwe na wasiwasi. Leo amemwelekeza mwenzake kugawanya mpaka akaelewa, nikaona nikuambie. Halafu kuna jambo naomba unisaidie kulielewa." Hapo ndipo tukafika kwenye Jumatatu. Kumbe mwisho wa wiki mtoto hulala kwa baba yake, na daftari hubaki kwa mama. Tukakubaliana kazi ya Ijumaa aimalizie darasani. Nikaandika tarehe na makubaliano yetu, na baada ya wiki mbili nikapiga tena.

Simulia hivyo hivyo, pamoja na maneno yenyewe. Jopo linataka kusikia sauti yako ukiongea na mzazi. "Mtoto ni mzima" litawaonyesha unajua mzazi akiona simu ya shule moyo humlipuka. Na hiyo simu ya pili usiisahau. Wengi huishia kwenye ya kwanza.

Jina la mtoto usilitaje. Kuna msailiwa aliwahi kututajia jina kamili na ugonjwa wa baba wa mtoto. Alikuwa mwalimu mzuri, lakini tulipotoka wote tulikuwa tunawaza kitu kimoja: kesho atayasema ya kwetu wapi?

Swali la mzazi mkali litakuja. Ukianza na "wazazi wa kule walikuwa wakorofi", umejimaliza. Eleza ulivyomtoa mlangoni mwa darasa mkakae pembeni, ukamwacha amalize, kisha mkafungua pamoja mtihani aliokuja kuulalamikia. Kama kosa lilikuwa lako, sema. Mimi niliwahi kujumlisha alama vibaya, nikarekebisha mbele ya baba wa mtoto na kumwomba radhi. Kila nikilisimulia hilo, naona wanajopo wanaacha kuandika na kuniangalia.

Halafu kuna mtego. "Mtoto amekuja na michubuko, anasema alipigwa nyumbani. Utampigia mzazi?" Ukiwa umetoka kujisifu kwa kupiga simu, ni rahisi kudakia "ndiyo". Hapana. Simu hiyo inaweza kumrudisha mtoto kwenye kipigo kingine. Jibu kwamba utamsikiliza bila kumhoji kama polisi, utaandika ulichokiona na maneno yake kama alivyoyasema, na siku hiyo hiyo utampa taarifa mwalimu mkuu au anayesimamia ulinzi wa watoto shuleni. Nyumbani watapigiwa au hawatapigiwa kwa uamuzi wa hao uliowapa taarifa, si wako peke yako.

Kama ndiyo kwanza umetoka chuoni, tumia mazoezi ya kufundisha: kikao cha wazazi ulichohudhuria, ulichomwona mwalimu mwenyeji akifanya, na ambacho wewe ungekifanya tofauti. Usitunge kisa. Swali moja la nyongeza tu, "mama akajibu nini?", linatosha kukuumbua.

Zamu yako ya kuuliza ikifika, waulize walimu huwapigia wazazi kwa simu ya shule au zao binafsi, na ujumbe wa mzazi ukiingia saa nne usiku unatakiwa kujibiwa lini. Mimi niliwahi kuuliza hivyo, wanajopo wakatazamana, kisha kila mmoja akatoa jibu lake. Nikajua pale namba yangu itakuwa mali ya umma.