Kuchagua kitabu cha kutambua sisimizi wa Afrika Mashariki

Kabla hujatazama bei wala picha, fungua ukurasa wenye ramani. Kitabu cha sisimizi wa Uingereza au Marekani, hata kiwe kizuri namna gani, kitakupotosha ukiwa Morogoro au Kakamega. Ufunguo wa utambuzi hufanya kazi kwa kuchuja: unajibu swali, kundi moja linatoka, jingine linabaki. Mdudu asiyekuwemo kitabuni hapigi kelele kwamba hayumo. Maswali yatakusukuma tu mpaka uangukie jina la sisimizi ambaye hapatikani Afrika kabisa. Kitabu cha Afrika Kusini kinafaa kwa kiasi, maana jenasi nyingi, yaani makundi ya spishi zenye undugu wa karibu, ni zilezile tulizo nazo. Kiamini mpaka kwenye jenasi, usivuke hapo.

Kisha amua unataka kufika wapi. Kwa bara letu, ufunguo mpana wa kuaminika ni wa Brian Fisher na Barry Bolton, uliotoka 2016, unaohusu Afrika na Madagaska. Nao unaishia kwenye jenasi. Kufika spishi kunahitaji makala za kitaalamu za jenasi mojamoja, na mara nyingi darubini ya maabara. Kwa hiyo kitabu cha mfukoni kinachoahidi kukupa kila spishi ya Kenya na Tanzania kwa picha za rangi peke yake kitilie shaka. Kingine cha kurudisha rafuni ni kile kinachomweka mchwa pamoja na sisimizi. Mchwa na kumbikumbi wake ni ukoo wa mende.

Mwaka wa kuchapishwa una maana, na kuna njia ya haraka ya kuupima: nenda kwenye faharasa utafute Megaponera. Huyu ni yule mweusi mkubwa anayekwenda kwa msururu kuvamia mchwa, ambaye sehemu nyingi huitwa sungusungu. Vitabu vya kabla ya 2014 vingi vimemweka ndani ya jenasi nyingine, Pachycondyla. Tafuta pia Nylanderia, iliyotenganishwa na Paratrechina mwaka 2010. Zikikosekana zote mbili, kitabu ni cha zamani. Bado kinafaa, kwa kuwa maumbile ya mdudu hayakubadilika, ila kila jina utakalopata itabidi ulihakiki upya. Tovuti ya AntWeb, ya California Academy of Sciences, inakuonyesha jina la sasa bure.

Sasa picha. Picha moja ya kupendeza ya sisimizi juu ya ua haisaidii kitu. Unachohitaji ni mikao mitatu: kichwa kwa mbele, mwili kwa ubavu, mwili kwa juu, na kila picha iwe na mstari wa kipimo cha milimita. Hakikisha pia wafanyakazi wa ukubwa mbalimbali wameonyeshwa. Sisimizi wa jenasi Pheidole wana wadogo wa kawaida na askari wenye vichwa vikubwa mno. Kitabu kilichopiga picha askari tu kitakufanya uamini kiota kimoja kina aina mbili. Madume nayo yasisahaulike. Dume la siafu lina mabawa, macho makubwa na tumbo nono, huja kwenye taa usiku, na watu wengi humdhania nyigu. Mfanyakazi wa siafu hana macho kabisa.

Jaribio la kweli lifanyike kabla ya kulipa, au kwa kurasa za mfano ikiwa kitabu kinauzwa mtandaoni. Kamata sisimizi watatu ambao tayari unawajua, watie kwenye kichupa, uweke kwenye jokofu dakika 5 hadi 10 ili wapoe, kisha wamwage juu ya karatasi nyeupe. Chukua lenzi ya kukuza mara 10. Kwa wadogo wa milimita 2 chukua ya mara 20. Anza na majimoto wa kwenye mwembe. Mtazame kwa ubavu: kiuno kina kinundu kimoja, kirefu na chembamba, na nyuma hakuna mwiba, maana yeye huuma kwa taya na kumwagia tindikali. Ufunguo mzuri utakufikisha Oecophylla. Halafu chukua yule anayebinua tumbo juu ya mgongo akichokozwa, Crematogaster: vinundu viwili, na tumbo lenye umbo la moyo, limeungwa kiunoni kwa upande wa juu. Wa tatu awe Pheidole.

Ukikwama kwa wawili kati ya watatu, kwanza jikague mwenyewe. Kosa la kawaida ni kuhesabu pingili za papasi (kipapasio cha kichwani) na kuisahau ile ya kwanza, ndefu kama mpini. Nayo ni pingili. Ukiiacha, Pheidole mwenye 12 anakuwa na 11, idadi ya Crematogaster, na njia nzima inapinda. Kosa jingine ni kutazama kiuno kwa juu: kinundu cha pili hujificha kikaonekana sehemu ya tumbo. Ukishajikagua na bado umekwama, basi tatizo ni kitabu. Ufunguo ukiuliza mapema mno kuhusu vinyweleo au mikunjo ya ngozi isiyoonekana kwa lenzi ya mkononi, uliandikwa kwa ajili ya maabara.

Kwa mwenye mikorosho Mtwara, jambo hili si la kujifurahisha. Majimoto hushambulia mbu wa mikorosho (mdudu mharibifu wa mkorosho, si mbu wa kawaida), na Pheidole megacephala huwafukuza majimoto. Kuwachanganya wawili hao ni kumpulizia dawa mlinzi wako.

Sampuli ya kuweka iwe ya wafanyakazi wachache, kwenye spiriti ya asilimia 70 au zaidi, pamoja na kikaratasi cha mahali, tarehe na mti, kilichoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka. Malkia hai waache. Mei 2025 mahakama moja ya Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja kwa biashara haramu ya sisimizi hai.

Ukibaki na vitabu viwili vinavyolingana, chukua kinacholala wazi mezani bila kushikwa. Mkono mmoja utakuwa na lenzi, na mwingine na kibano.